Kuvua Samoni Katika Mto wa Ugenini

Mtu aliyezoea kuvua trauti katika mito ya Mlima Kenya, akifika Mto Tay huko Uskoti kwa mara ya kwanza, hudhani kwamba hata samoni hukamatwa kwa njaa yake. Sivyo. Samoni hunenepa baharini, na akiisha kuingia mtoni kwenda kutaga, huacha kula. Akishika ndoana, wengine husema ni hasira, wengine mazoea tu. Hivyo mgeni aweza kutupa mshipi tangu asubuhi hata jioni asipate kitu, hali samaki wamo mle mle majini mbele yake.

Basi kabla ya kununua vyombo vya thamani, yampasa kutafuta mwenyeji aujuaye mto, ajuaye ni nyuma ya jiwe gani samoni hupumzika, na maji yakiwa na kina gani. Tarehe 7 Oktoba 1922 Bibi Georgina Ballantine alivua katika mto huo samoni wa ratili 64. Katika Uingereza nzima hajapatikana bado mkubwa kuliko huyo kwa ndoana. Mpiga makasia alikuwa baba yake, aliyekuwa kiongozi wa wavuvi mahali pale pale.

Tena kuna sheria. Haki ya kuvua samoni ina mwenyewe, ingawa mto wapita wazi mbele ya watu wote, na mgeni hana budi kupata ruhusa kwa maandishi. Jumapili hakuna kuvua. Samoni wapatikanao kabla ya tarehe 1 Aprili hurudishwa majini, na avuaye kwa ndoana haruhusiwi kuuza hata mmoja.