Kabla Hujasaini Mkopo wa Uuguzi

Haya ni kwako uliyeko Marekani, hasa wewe unayehudumia wazee zamu ya usiku na sasa unautaka uuguzi wa leseni, ule wa LPN. Kozi huchukua takriban mwaka mmoja, kisha unafanya mtihani wa leseni, NCLEX-PN. Mwaka 2024 mshahara wa kati wa kazi hii ulikuwa dola 62,340 kwa mwaka, kabla ya kodi.

Basi tupige hesabu. Ukikopa dola 30,000 kwa riba ya asilimia 6.5, utalipa kama dola 340 kila mwezi kwa miaka 10. Ukikopa 8,000, ni kama dola 91. Leseni ni ile ile, na mwajiri hatakuongezea senti eti kwa kuwa chuo chako kilikuwa ghali! Vyuo vya jamii, vya umma, kwa kawaida huwa nafuu kuliko vile vya biashara vyenye matangazo kila kona.

Fungua tovuti ya Wizara ya Elimu iitwayo College Scorecard, utafute deni na kipato cha wahitimu wa chuo unachokitaka. Jaza pia fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Wakimbizi na wenye green card wanaruhusiwa, na ruzuku ya Pell, inayoombwa kwa fomu hiyo, kwa kawaida hairudishwi.

Na kabla hujalipa hata ada ya usajili, iulize bodi ya uuguzi ya jimbo lako: chuo hiki kimeidhinishwa? Wangapi hufaulu mtihani?