Fidia ya Kuumia Kazini ni Haki, si Sadaka

Ndugu wafanyakazi wa Babati,

Mkanda wa mashine ya kusaga hauchagui mkono. Mwenzetu akikatwa kidole, au mchukuzi wa Magugu akiangukiwa na magunia ya mpunga, tumezoea kusikia, "Ni kudra ya Mungu." Tajiri humpa pole na nauli ya kwenda kwao, naye hushukuru. Ashukuru nini? Amepoteza kidole, amepewa nauli!

Ndugu zangu, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia ukaanza kazi mwaka 2015. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti moja kwa ajili hiyo.

Basi tufanye hivi. Kwanza, aliyeumia apelekwe kutibiwa. Pili, mwajiri aarifiwe siku ile ile, walioona wakumbukwe, na karatasi za daktari zitunzwe. Tatu, tuhakikishe mwajiri amepeleka taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7. Akinyamaza, sisi tusinyamaze, maana madai nayo yana muda wake: miezi 12. Na mwenzetu akifa kazini, mjane na watoto wake wasiachwe na sanda tu. Nao wana haki yao.

Tunajua wengi huogopa kufukuzwa. Kwa hiyo asiende mtu peke yake. Twende pamoja, kwa chama chetu cha wafanyakazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Uhuru na Kazi!