Usalama Katika Wodi ya Wagonjwa wa Akili

(Hotuba iliyosomwa na wauguzi mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa kueleza habari za kazi yetu katika wodi inayopokea watu ambao ugonjwa wa akili umewapanda ghafula. Wengi wenu mwatuuliza, "Je, hamwogopi kupigwa?" Twajibu kweli: twaogopa. Lakini mgonjwa naye aogopa, na hofu mbili zikikutana mlangoni, ngumi haziko mbali.

Twatoa mfano mmoja. Usiku mmoja tulikuwa wawili tu, na wodi imejaa. Mgonjwa mmoja alikuwa amefunga mzigo wake tangu asubuhi, akingojea ndugu yake amchukue kwenda nyumbani kwa siku mbili. Ruhusa haikutolewa. Habari hiyo tulimpa tukiwa tumesimama, funguo mkononi, tukipita na sinia la dawa. Akarusha kiti. Mwenzetu alivunjika mkono. Wenzetu wa wodi nyingine walikuja mbio, mgonjwa akashikwa na kufungiwa chumbani peke yake. Katika ripoti iliandikwa "mgonjwa mkali." Hakuna aliyeandika jinsi alivyoambiwa.

Tulipokaa kulizungumza jambo hili, tulipata habari za mpango uitwao Safewards, uliotungwa Uingereza na Profesa Len Bowers na wenzake. Ulijaribiwa huko katika wodi 31 za hospitali 15, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Wodi zilizoutumia zilichaguliwa kwa kura. Zikilinganishwa na zile nyingine, ugomvi na fujo vilipungua kwa asilimia 15. Na kuwashika wagonjwa kwa nguvu, kuwafungia na mengine ya namna hiyo kulipungua kwa asilimia 26. Mpango wenyewe una mambo kumi, wala hauhitaji mashine. Sisi tulianza na manne.

Kwanza, habari mbaya haitolewi tena kwa kupita. Muuguzi huketi na mgonjwa, humweleza sababu, na hungoja amalize kusema.

Pili, wakati wa kupokezana zamu twataja jambo jema moja juu ya kila mgonjwa. Zamani tulirithishana lawama tu, na anayeingia kazini alikwisha kasirika kabla ya kumwona mtu.

Tatu, kila asubuhi wagonjwa na wauguzi huketi pamoja na kuulizana nani atamsaidia nani siku hiyo. Mzee mmoja aliyekuwa akigombana kila siku alijitolea kugawa vikombe vya chai. Kazi hiyo ameishika, na ugomvi wake umepungua.

Nne, fujo ikitokea, tukiisha kuituliza twawazungukia wagonjwa wote waliotazama, hata wale walionyamaza kimya. Zamani tuliwasahau, na fujo ya pili ilitoka kwao.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba fujo imekwisha. Kuna mgonjwa ambaye ugonjwa wake hausikii neno laini, na siku hiyo lazima tumzuie asijiumize wala asiumize wengine. Lakini siku hizo ni chache kuliko tulivyodhani.

Tena tusidanganyike. Wako watakaosema, "Kumbe dawa ni maneno mazuri, basi hakuna haja ya kuongeza watu." La! Kuketi na mgonjwa mmoja kwataka muuguzi mwingine awatazame waliobaki. Muuguzi aliye peke yake hana nafasi ya kuketi. Ana nafasi ya kupiga kelele na kufunga mlango. Kwa hivyo uchache wa watu wenyewe huzaa nguvu.

Twaliomba tawi lichukue maombi matatu mbele ya waajiri: muuguzi asiachwe peke yake usiku katika wodi hizi, kila ajali iandikwe pamoja na mambo yaliyoitangulia, si jina la mgonjwa tu, na mfanyakazi aliyeumia atibiwe na kulipwa haki yake bila kuzungushwa ofisi hata ofisi.

Mwenzetu aliyevunjika mkono amerudi kazini. Mgonjwa yule alipomwona aliomba msamaha. Naye akamjibu, "Na sisi tulikukosea." Maneno hayo tungalipenda yasemwe kabla ya kiti kurushwa.