Mbegu Mpya na Shamba la Jirani
Hotuba iliyosomwa Dodoma katika Mkutano Mkuu wa miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimepewa heshima ya kusema juu ya mbegu zilizogeuzwa vinasaba, na jinsi nchi za Ulaya zilivyotunga sheria ili azipandaye asimdhuru jirani asiyezitaka. Huenda mtu akauliza, ya Ulaya yatuhusu nini sisi wa Ugogo? Yatuhusu. Oktoba 2016, hapa hapa Makutupora, mahindi ya namna hiyo yalipandwa ndani ya uzio wa kituo cha utafiti, yapimwe kama yatastahimili ukame. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yakome na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kwamba yamesitishwa. Lakini jirani zetu wa Kenya waliondoa katazo lao Oktoba 2022, shauri likaenda mahakamani. Na mbegu huvuka mpaka ndani ya gunia bila kuulizwa cheti.

Mahindi huchavushwa na upepo. Chavua ya mbelewele nyingi huanguka karibu, ila nyingine husafiri hata kwenye nywele za hindi la mwingine. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba chakula ambacho kiungo chake kimechanganyika kupita asilimia 0.9 hapana budi kiandikwe hivyo. Basi aliyeuza mahindi yake kuwa safi hupata hasara kwa tendo la jirani. Ni nani alipe?

Denmark, kwa sheria ya mwaka 2004, iliweka mfuko: kila apandaye mbegu mpya hulipa ada kwa kila hekta, na aliyedhurika hufidiwa humo. Ujerumani ilikuwa kali zaidi. Mpandaji hulazimika kuandikisha shamba lake katika daftari la wazi miezi 3 kabla ya kupanda. Kwa amri ya mwaka 2008, mahindi yake sharti yawe mita 150 mbali na mahindi ya kawaida, na mita 300 mbali na ya kilimo hai. Mwenye hasara hadaiwi kuthibitisha uzembe; na kama wapandaji ni kadha wa kadha, wala haijulikani chavua ilitoka kwa yupi, wote hubanwa pamoja. Hata hivyo, Aprili 2009 Ujerumani yenyewe ilikataza mahindi hayo, na tangu 2015 kila nchi ya Umoja yaweza kuyakataa katika ardhi yake. Hispania na Ureno ndizo zilizoendelea kuyalima.

Sasa tupige hesabu yetu. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Ukiizungushia mita 150 kila upande, utakuwa umegusa karibu ekari 27 za watu wengine. Yaani mwenye ekari moja awapangie kilimo majirani ishirini na zaidi! Sheria ya vipimo vile haiwezi kukaa katika vijiji vyetu. Tena wengi wetu hatununui mbegu kila mwaka. Tunachagua magunzi mazuri, tunayatundika juu ya moshi, na kugawiana na mashemeji. Mchanganyiko ukiingia mwaka huu, utarudi shambani mwakani.

Sisemi kwamba mbegu hizo ni sumu. Aliyeona mahindi yakinyauka Februari hawezi kumcheka atafutaye dawa ya ukame, ingawa mtama na uwele tunao. Nisemalo ni juu ya fidia. Kanuni zetu za mwaka 2009 zilimbana mwenye mbegu hata bila kuthibitishwa kosa. Mwaka 2015 zililegezwa kwa upande wa utafiti, anayedai athibitishe kosa. Mkulima wa Bahi atathibitishaje safari ya chavua?

Naiomba Kamati, kabla ya mvua za Desemba, ifungue daftari la mbegu katika kila chama cha msingi: jina la mbegu, ilikotoka, na shamba ilipopandwa. Daftari hilo lisomwe mkutanoni, kila jirani asikie.