Kipupwe cha Olbalbal: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama



Tumeombwa na Halmashauri ya chama tuseme maneno machache juu ya maisha ya mtumishi wa Serikali katika miezi ya baridi huko Olbalbal, mahali petu pa kazi. Twajua ya kuwa wengi wenu mkisikia jina la Ngorongoro hufikiri simba, vifaru na magari ya wageni. Leo hatutasema habari za simba. Tutasema habari za sufuria, blanketi na jiko la mkaa. Na katika hayo limo jambo moja ambalo nusura litutoe roho. Kwa hiyo mkiona tumeanza na maharagwe, msidhani tumekuja kuwachekesha tu.

Kwanza mahali penyewe. Olbalbal ni bonde pana chini ya milima ya Ngorongoro, upande wa machweo. Maji ya korongo la Oldupai, mvua zinaponyesha, huteremka mpaka hapo na kukoma. Hayana njia ya kwenda baharini. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro wapata kama mita 2,300 juu ya bahari. Sisi tuko chini sana ya hapo, lakini tumezidi mita 1,300, na kwa mtu aliyezaliwa pwani huo ni urefu wa kutosha kumfanya avae makoti mawili.

Kipupwe kwetu huanza mwezi wa Juni na kuendelea hata Agosti. Pepo za kusi hutoka baharini na unyevu wake, zikapanda milima kwa upande wa mashariki, zikapoa, zikafanya ukungu na manyunyu. Zikisha kuvuka na kushuka upande wetu huwa zimekwisha kuyatupa maji yake. Kwa hiyo yule aliye juu ukingoni hulowa na ukungu, na sisi tulio chini hula vumbi. Lakini sote wawili twatetemeka. Nyumbu wamekwisha kwenda zao kaskazini, bonde ni tupu, na usiku mbingu hazina wingu la kuzuia joto la ardhi lisipae juu. Alfajiri maji ya ndoo huuma vidole kama siafu.

Sasa mambo ya jikoni. Tunakaa watumishi wanne katika nyumba moja: mmoja wa Tanga, mmoja wa Tabora, na wawili wa Kilimanjaro. Kila mmoja alikuja na mapishi ya kwao na kiburi cha mama yake. Katika eneo la Hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1959, kilimo hakiruhusiwi; basi hapana bustani ya kuchuma mchicha wala shamba la kuvunja mahindi. Unga wote, maharagwe, vitunguu na mafuta hupandishwa kutoka Karatu, na bei yake hupanda pamoja na gari. Mtu akiunguza chakula Olbalbal ameunguza na nauli yake.

Jaribio la kwanza lilikuwa maharagwe. Siku hiyo tuliteleka saa nane mchana. Saa mbili usiku yalikuwa bado yagonga meno. Tulimlaumu mwenye duka, tukalaumu sufuria, mwisho tukamlaumu mwenzetu aliyepika, naye akasusa kula. Kumbe hakuna aliyekosa. Maji yaliyo pwani huchemka kwa joto la digrii 100. Lakini kila mtu apandapo mita 300, joto hilo la kuchemka hupungua kama digrii moja. Kwetu maji huchemka kwa digrii kama 95, na juu ukingoni kama 92. Yatatokota na kurukaruka na kumwaga povu, wala hayatakuwa na moto zaidi ya hapo hata ukiongeza kuni za msitu mzima. Kinachotakiwa ni muda, na muda kwetu ni mkaa, na mkaa ni fedha.

Hapo ndipo tulipojaribu kapu. Tulitwaa kapu kubwa, tukalijaza majani makavu pembeni na chini, tukaweka ndani yake blanketi kuukuu. Maharagwe hulowekwa usiku kucha, na yale maji ya kulowekea humwagwa. Asubuhi huchemshwa kwa moto mkali muda wa nusu saa. Twawaomba akina bibi na mabwana wasiupunguze moto huo wa kwanza, maana maharagwe mekundu yana sumu ndani yake isiyokufa kwa joto dogo. Hapana budi yatokote sawasawa kwa dakika 10 kwa uchache. Baadaye sufuria, pamoja na mfuniko wake, hutiwa kapuni, ikafunikwa kwa blanketi na mto, nasi twaenda kazini. Tukirudi adhuhuri twayakuta yamelainika, twayarudisha motoni yachemke tena, twatia kitunguu na chumvi. Gunia la mkaa lililokuwa likitutosha wiki mbili sasa latufikisha karibu na wiki tatu. Mwenzetu aliyesusa ndiye mlinzi wa kapu hata leo.

Jaribio la pili lilikuwa maandazi ya yule mwenzetu wa Tanga. Alikanda unga kwa hamira jioni, kama wafanyavyo kwao, akaufunika kwa kitambaa na kulala. Asubuhi donge lilikuwa vile vile alivyoliacha, baridi na zito kama jiwe la kusagia. Hamira ni kitu chenye uhai, nayo katika baridi hulala kama binadamu. Siku ya pili tulilitia donge katika lile kapu, na kando yake chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Likaumuka vizuri. Lakini wali wa nazi ameuacha, kwa sababu nazi huko ni kama theluji Pangani.

Tulipokuwa tukijifunza haya, jirani zetu Wamasai walikuwa wakitutazama kwa huruma. Yuko mama mmoja mzee, ambaye sisi sote humwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao, anayetuletea maziwa kila asubuhi. Yeye ndiye aliyetuonyesha kusafisha kibuyu kwa kijinga cha mti wa oloirien, ndio mzeituni wa porini, mpaka maziwa yapate harufu nzuri ya moshi na yakae bila kuharibika upesi. Sisi nasi tulimweleza, kwa adabu, ya kuwa twachemsha maziwa kwanza kwa sababu ya ule ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba, ambao humwingia mtu akawa na homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Twayachemsha, twayapoza, ndipo twayatia kibuyuni pamoja na kidogo ya maziwa ya mgando yaliyotengenezwa vivyo hivyo. Koko aliyaonja, akanyamaza, akaonja tena. Alisema si mabaya kwa maziwa yaliyopikwa. Kwa maziwa hayo na mahindi twatengeneza loshoro, chakula kijulikanacho sana katika nchi ya Arusha, nacho katika baridi chashika tumbo kuliko chai na mkate.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe, nasi twalisema kwa aibu. Tulikuwa na desturi ya kuicheka nyumba ya Koko. Ni ya fito na samadi, fupi, na ndani yake moshi huuma macho. Yetu ni ya saruji, ina vioo madirishani na mlango wa kufuli. Usiku mmoja wa mwezi wa Julai upepo ulizidi. Tuliziba nyufa za madirisha kwa magazeti, tukaweka gunia chini ya mlango, tukaliingiza jiko la mkaa chumbani. Tulisema mkaa umekwisha kushika, hauna moshi tena, basi hauna madhara. Tukalala tukiwa tumefurahi kwa joto.

Asubuhi Koko alikuja na maziwa, akabisha, hakuitikiwa. Akaita tena. Mlango wa watumishi wa Serikali haujapata kufungwa saa hiyo, naye alijua. Akawaita vijana wawili, wakausukuma mlango mpaka ukavunjika. Wawili wetu walikuwa wakitapika wala hawawezi kusimama. Wawili hawakuamka hata walipotikiswa. Walitoa wote nje, wakawalaza katika upepo ule ule tuliokuwa tukiukimbia, na gari lililokuwa likipita likatuchukua kwenda hospitali. Kwa rehema ya Mungu sote tulipona, ingawa mmoja wetu kichwa kilimwuma siku nyingi.

Wanachama wenzetu, sikilizeni vema. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haionekani wala hainuki. Moshi humfukuza mtu. Gesi hii humbembeleza alale. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa ya oksijeni tunayoihitaji, na damu ikisha jaa gesi haina nafasi ya kuchukua uhai. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu akiona hayo penye jiko, na atoke nje mara moja na kuwatoa wenzake, ndipo aende hospitali. Asingoje kumaliza chai yake.

Tuliporudi, tulikwenda kumshukuru Koko nyumbani kwake. Tuliinama tukaingia, tukakaa penye moto. Alinyosha kidole akatuonyesha tundu dogo ukutani, ambalo sisi, katika kuicheka nyumba ile, hatukuliona hata siku moja. Alisema, "Moto nao ni mgeni, wahitaji mlango wake wa kutokea." Hakusema zaidi, wala sisi hatukuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo twawasha jiko nje, twapikia nje au jikoni penye mlango wazi, na usiku twalala na chupa ya maji ya moto miguuni na blanketi tatu. Baridi twaisikia, lakini asubuhi twaamka.

Yamebaki maneno machache juu ya matembezi, maana mtu hakai ndani tu kipupwe chote. Mwisho wa mwezi twapanda gari kwenda Karatu. Njia huingia katika ukungu wa ukingoni hata taa zawashwa mchana, kisha hutokea katika mashamba ya Wairaqw. Huko twanunua unga, na vitunguu vya Mang'ola, na kunywa chai ya tangawizi mgahawani kama watu wa mji. Jumapili nyingine twakwenda kuyatazama mchanga mweusi unaohama, jivu la mlima Oldoinyo Lengai lililokusanywa na upepo likawa kilima chenye umbo la mwezi mwandamo, nacho husogea kama mita 17 kila mwaka kuelekea magharibi.

Safari tuipendayo zaidi ni ya Oldupai, palipo nyumba ya makumbusho mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Hapo ndipo Bibi Mary Leakey alipoliona lile fuvu tarehe 17 Julai, 1959, katikati ya kipupwe kama hiki chetu. Katika udongo wa mahali hapo, wenye umri wa miaka kama milioni 1.8, yalipatikana mawe yaliyochongwa na mifupa ya wanyama iliyopasuliwa ili kutolewa uboho. Tuliporudi jioni ile tulipika supu ya mifupa, tukatia ndani gome la olkiloriti kama Koko alivyotufundisha. Tulipokuwa tukiugonga mfupa kwa jiwe, mwenzetu wa Tabora alisema ya kuwa katika bonde hili kazi hii haijabadilika sana. Tulicheka, lakini twafikiri alisema kweli.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mambo mawili kabla hatujakaa. La kwanza, chama kiandike barua fupi kwa kila mwanachama anayepelekwa nchi ya baridi, ya kumwonya juu ya jiko la mkaa chumbani. Na barua hiyo imfikie kabla ya mwezi wa Juni, si baada ya maziko. La pili, kila mtumishi afikapo mahali pageni, kabla hajaicheka nyumba ya jirani, aingie ndani yake aone jinsi ilivyojengwa. Sisi tulikuwa na vyeti na vioo na saruji, na aliyetuokoa ni bibi asiyejua kusoma, aliyejua saa ambayo mlango wetu hufunguliwa.

 Atakayependa kujua namna ya kutengeneza kapu na atuone hapo nje. Tumekuja nalo, na maharagwe yamo ndani.