Nyumba ya Ukoo na Wageni wa Mji Mkongwe
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Wembley, London)



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena, wengine kutoka Muscat na Dubai, wengine Toronto, na wengine Unguja kwenyewe. Nimetakiwa niseme machache juu ya barua iliyotufikia: yuko mtu atakaye kuinunua nyumba yetu ya Mji Mkongwe aigeuze hoteli. Bei aliyoitaja ni nono, na wala sisemi kwamba fedha si kitu.

Hapa Wembley tulipo pana historia yake katika jambo hili. Mwaka 1924 na 1925 palifanyika Maonyesho ya Dola ya Kiingereza, yakatazamwa na watu wapatao milioni 27. Afrika ya Mashariki, Zanzibar ikiwemo, ilikuwa na banda lake. Watu wa Afrika ya Magharibi waliwekwa ndani ya mji wa kuigiza, wakafanya kazi zao za mikono mbele ya watazamaji, na wanafunzi wa kutoka huko waliokuwa London wakapinga vikali namna ndugu zao walivyofanyiwa dhihaka. Fundi ni yule yule na kazi ni ile ile. Lakini kwao ilikuwa maisha, na hapa ikawa tamasha. Hofu yangu ni kwamba tamasha sasa laweza kufanyika kwetu wenyewe, na mlangoni mwetu.

Siulaumu utalii. Karafuu ilipoporomoka bei katika miaka ya 1980, visiwa vilihitaji riziki nyingine. Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773. Mwaka 2024 pekee waliingia wageni zaidi ya 700,000. Vijana wetu wangapi wanalishwa na wageni hao! UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sifa hiyo huwavuta wageni. Ila sifa haishikilii ukuta. Beit el-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili.

Nyumba zetu zataka mkono wa kila siku. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, plasta ikapukutika. Paa likivuja msimu mmoja, boriti huanza kuoza. Aishiye humo huliona tone la kwanza. Halafu ipo baraza: jirani hukaa pale bila kuombwa kitambulisho, kahawa ikapita, habari za msiba na za harusi zikapita. Hoteli yaweza kuuhifadhi mlango wa nakshi vizuri kuliko sisi, na jirani asithubutu tena kuketi.

Basi rai yangu ni kwamba tusiuze. Ghorofa ya juu na ikodishwe kwa wageni, kwa mkataba wa miaka michache, kwa idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Jamaa wabaki chini, baraza iwe wazi kama ilivyo, na kodi ya mwanzo yote iende kwenye paa kabla ya mtu yeyote kugawiwa hata senti.

Najua liko neno la kunijibu, nalo ni zito. Sisi tulio huku twalala katika nyumba zenye joto na maji ya bomba, kisha twataka Bi Mkubwa aendelee kupandisha ndoo ngazini ili sisi tuwe na pa kuwapelekea watoto wakati wa likizo. Huo nao ni utalii, tena wa bei rahisi. Kwa hiyo pampu ya maji na choo cha chini vitangulie, na vilipwe kwa michango yetu ya mwaka huu, visingoje wapangaji.

Jibu la barua latakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba baada ya chakula tumpigie simu Bi Mkubwa kwanza, tumsikilize hadi amalize, ndipo Mwenyekiti aite kura.