Raha na Dhiki za Mji wa Kadiri: Tanga na Wakazi Wake



Miji mikubwa haikukosa watu wa kuisifu, wala mashamba hayakukosa wa kuyalilia. Lakini mji wa kadiri, uliokwisha kupita cheo cha kijiji na usiofika bado kumtisha mgeni, aghalabu hupitwa kimya na wenye kalamu, ijapokuwa umma mkubwa wa watu huzaliwa humo, hufanya kazi humo, na huzikwa humo. Jioni hii nautazama mmoja, nao ni Tanga, ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu wapatao 393,000, wakati Dar es Salaam ilikwisha kuvuka milioni 5. Na rai yangu ni kwamba raha ya mji wa namna hii na dhiki yake hutoka katika chanzo kimoja, yaani uchache wa vitu vyake.

Kwanza nitaje wasaa. Mtu wa Ngamiani, ambako mitaa inaitwa kwa nambari, aweza kupanda baiskeli yake asubuhi, akafika bandarini jua halijawa kali, na adhuhuri akarejea kula na watoto wake. Hiyo ni neema ambayo mkazi wa Mbagala, kule Dar es Salaam, anayetoka nyumbani kabla ya alfajiri kuwahi basi, ameisahau kabisa. Saa hizo si kitu cha kudharauliwa, kwani ndizo ambamo mtu humzuru mgonjwa, huketi darasani msikitini, au hushika kalamu. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali, na miaka yake mingi ya kazi na ya uandishi ilipita katika mji huu. Nami naamini, ingawa imani si burhani, kwamba utulivu wa mahali ulimsaidia. Baada yake zikavuma bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, hata mji ambao haukuwa na hazina wala wizara ukasikika Afrika Mashariki nzima.

Jambo la pili ni kujuana, na hapa sina budi kukawia, kwa sababu ndipo neema na mashaka yanapokaa chumba kimoja. Msiba ukitokea Chumbageni, majirani hujaa kabla ya kuitwa, na muuza duka humkopesha mjane kwa kuwa alimjua marehemu na babaye. Lakini jicho lile lile lililomwona mjane katika dhiki yake ndilo linalomwona akitabasamu na mgeni mlangoni, na kabla ya magharibi habari imekwisha kufika sokoni. Kijana aliyekosana na tajiri mmoja hupata taabu kumpata wa pili, maana matajiri ni wachache na hunywa kahawa pamoja. Mwenye kutaka kuanza maisha upya baada ya kuanguka, mji huu humwia mzito. Nami simlaumu hata kidogo anayeukimbia kwa sababu hiyo.

Uchache huo huo, ukiingia katika uchumi, huwa hatari iliyo kubwa zaidi. Tanga ilijengwa na reli iliyoanzwa mwaka 1893, ikanenepa kwa mkonge, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani laki mbili za mkonge kwa mwaka, ya kwanza duniani. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji huu ukiwa wa pili kwa ukubwa katika Tanzania Bara. Kisha kamba za viwandani zitokanazo na mafuta zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaporomoka, na mashamba mengi, yaliyotaifishwa mwaka ule ule wa 1967, yakafifia. Na kwa kuwa bandari, reli, karakana na mishahara vyote viliegemea zao moja, hapakuwa na nguzo nyingine ya kuushika mji. Mwanza ikaupita.

Waliobaki wakazoea kusafiri. Mgonjwa wa saratani, kwa miaka mingi, amepelekwa kilomita 350 hivi hadi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na jamaa zake wakapanga chumba katika mji wasioujua. Vipawa navyo vilifuata njia ile ile: Shakila, mwimbaji ambaye sauti yake ilikomaa katika taarabu ya Tanga, alihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikodumu.

Leo kina cha bandari kimeongezwa hata meli kubwa zikafunga gatini, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limepangiwa mwisho wake Chongoleani, hapa Tanga. Nafurahi, na nahofu pia, kwa kuwa mafuta yaweza kuwa mkonge wa pili. Mapato hayo, kwa nionavyo, yatengewe mambo mawili kabla hayajazoeleka: matibabu ya maradhi makubwa yakamilike katika hospitali ya Bombo, na vijana wasomeshwe hapa hapa kazi zisizotegemea bomba wala bandari. Na wapimaji wa viwanja, mji utakapozidi kutanuka kuelekea Pongwe, waweke soko, shule na zahanati mahali ambapo mtu wa baiskeli ataweza kufika na kurudi adhuhuri.